Nyangwe: soko la kandokando ya Lualaba na wamama waliorudi kuuza

Nyangwe ni mji mdogo. Uko kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, katika eneo la Kasongo, jimbo la Maniema. Wakaaji wake ni wakulima na wavuvi. Wanaishi kwa mpunga, muhogo, karanga, mahindi, mawese na samaki wa mto. Anayeteremka Lualaba kwa mtumbwi anaweza kupita mbele yake bila hata kugeuza kichwa. Lakini miaka 150 iliyopita jina la Nyangwe lilikuwa limekwisha kuandikwa kwenye ramani za Ulaya, wakati Lubumbashi na Bukavu zilikuwa bado hazijajengwa.

Jina hilo lilijulikana mbali kwa sababu ya soko lake, na kwa sababu ya damu iliyomwagika ndani ya soko hilo siku moja ya mwaka 1871. Familia nyingi za mashariki mwa Kongo ambazo leo zinaishi mbali na mashamba yao zitaona katika historia hii mambo wanayoyajua: watu wenye silaha wanaogombania njia na biashara, na wamama wenye vikapu wanaolipa deni la ugomvi usio wao. Wataona pia jambo lingine ambalo halisemwi mara nyingi. Soko la Nyangwe lilivunjwa zaidi ya mara moja, na kila mara waliolisimamisha tena ni watu wasiokuwa na bunduki.

Soko kabla ya bunduki

Kabla ya msafara wa kwanza kutoka Pwani kufika Lualaba, nchi hii ilikuwa na masoko yake. Sababu yake ilikuwa wazi. Wagenya, ambao ndio watu wa mto, walikuwa na samaki, vyungu vya udongo na mitumbwi. Watu wa nchi kavu walikuwa na muhogo, ndizi, mafuta ya mawese, kuku na mbuzi. Mvuvi hashibi kwa samaki peke yake, na mkulima naye anatafuta kitoweo. Ilibidi wakutane, na mahali pa kukutana palikuwa kandokando ya maji, pale mitumbwi inapoweza kutia nanga.

Soko lilifanyika kwa siku zilizojulikana. Waliolishika hasa ni wamama. Walitoka vijijini kabla ya jua kuchomoza, mzigo mgongoni au kichwani, wengine wakivuka mto kutoka ng'ambo ya magharibi. Palikuwa na samaki wabichi na wa kukaushwa, konokono, chumvi, pilipili, viazi, unga, vyungu, mafuta, kuku, na nguo zilizofumwa kwa nyuzi za majani. Bei ilipatikana kwa maneno mengi na vicheko vingi. David Livingstone, mmisionari na msafiri wa Scotland aliyekaa Nyangwe miezi karibu minne, alipenda kwenda kuketi pale kutazama tu jinsi watu walivyouziana.

Livingstone aliandika pia sheria iliyolinda masoko ya Manyema. Hata vijiji viwili vikiwa vitani, wamama wanaokwenda sokoni hawaguswi. Wanapita katikati ya wapiganaji na mizigo yao, wanauza, wanarudi nyumbani. Sheria hiyo haikuandikwa kwenye karatasi, wala haikuwa na askari wa kuilinda. Ilidumu kwa sababu kila upande ulihitaji kula. Kijiji ambacho kingewashambulia wamama wa wenzake leo, kesho kingekosa chumvi na samaki.

Ndiyo sababu watu walikuja sokoni bila hofu. Na ndiyo sababu kilichotokea baadaye kilikuwa kibaya kuliko vita vya kawaida.

Wageni kutoka Pwani

Karibu na mwaka 1860, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Zanzibar na Pwani walifika Lualaba. Walikuwa wamepitia Tabora, wakavuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, wakakata nchi kupitia Kabambare. Walitafuta pembe za ndovu, ambazo bei yake ilikuwa inapanda Ulaya, India na Marekani. Walitafuta pia watu. Waliotekwa walibeba pembe hadi ziwani na hadi Pwani, au walibaki kulima mashamba ya mabwana wapya.

Msafara wa watu mamia unahitaji chakula kila siku. Mahali penye soko kubwa pana chakula, na mahali penye mitumbwi pana njia ya kuvuka. Nyangwe ilikuwa na vyote viwili. Wageni hawakuliumba soko la Nyangwe. Walilikuta, wakajenga pembeni yake nyumba zao za udongo zenye baraza pana, wakaishi kwa kile ambacho wamama walileta.

Walileta vitu vyao pia. Mpunga ulienea Maniema kutokana na mashamba yao, na mpaka leo wali wa Maniema unasifiwa. Walileta Kiswahili, ambacho katika nchi hii kilikuja kuitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Walileta dini ya Kiislamu, ambayo ina misikiti na waamini wengi Kasongo hadi leo. Wazee wa Maniema hawazikatai zawadi hizo. Lakini mpunga ule wa kwanza ulilimwa na mikono ya watu waliotekwa, na hilo nalo ni sehemu ya historia yake.

Mkubwa mmoja wa Nyangwe wakati huo alikuwa Dugumbe bin Habib. Hakuwa peke yake. Kila mfanyabiashara alikuwa na watu wake wenye bunduki, na kila mmoja alitaka kuwa na urafiki na machifu wa ng'ambo ya pili ya mto, kule pembe zilikokuwa bado nyingi. Aliyekuwa na urafiki na chifu ndiye aliyepata biashara. Mashindano hayo ndiyo yaliyoleta balaa.

Tarehe 15 Julai 1871

Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871. Alitaka mtumbwi ili afuate Lualaba hadi mwisho wake, kwa maana alifikiri huenda mto huu ni Nile yenyewe. Alikosa mtumbwi, wiki baada ya wiki. Akabaki, akienda sokoni na kuandika. Karatasi ilikuwa imemwishia, kwa hiyo aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea.

Katika siku hizo, mtu mmoja jina lake Manilla, mtumwa wa mfanyabiashara Syde bin Habib, alikuwa amefanya mapatano ya urafiki na machifu wa ng'ambo ya kushoto. Watu wa Dugumbe walikasirika. Kwao, mtumwa wa mtu mwingine hakuwa na haki ya kuwa rafiki wa machifu ambao wao waliwataka. Tagamoyo, mmoja wa watu hao, alivuka mto na kundi la wenye bunduki, akaanza kuchoma vijiji vya wale waliopatana na Manilla.

Asubuhi ya tarehe 15 Julai moshi wa vijiji hivyo ulionekana ng'ambo. Hata hivyo soko la Nyangwe lilifunguliwa. Watu walikuwa wachache kuliko siku nyingine, lakini Livingstone alikadiria kwamba walifika karibu 1,500. Hao walikuja kwa sababu sheria ya zamani ilisema soko haliguswi.

Siku ilikuwa na joto kali. Livingstone aliona wanaume watatu wakiingia sokoni na bunduki, jambo lisilo la kawaida. Alitaka kuwaonya, kisha akafikiri ni wageni wasiojua desturi. Alikuwa ameanza kuondoka alipomwona mmoja wao akibishana na muuzaji juu ya bei ya kuku. Hatua chache baadaye, bunduki mbili zililia katikati ya umati.

Watu walitupa mizigo wakakimbilia mitumbwi, iliyokuwa imefungwa katika kijito kidogo karibu na soko. Pale nako kundi lingine lilianza kupiga risasi. Mitumbwi ilisongamana, mingine haikuweza kutoka. Waliojeruhiwa waliruka majini, na wasiojeruhiwa pia. Wengi walianza kuogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali. Mkondo wa Lualaba uliwapiga mabegani. Livingstone aliona mstari mrefu wa vichwa juu ya maji, kisha kimoja baada ya kingine kikapotea. Mtumbwi mmoja ulijaa kupita kiasi ukazama na wote waliokuwemo.

Dugumbe mwenyewe aliweka watu katika mtumbwi ili waokoe waliokuwa majini, wakawatoa 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa. Alifikiri kwamba anayeokolewa na watu wale atakuwa mtumwa wao, akachagua kuendelea kuogelea. Haijulikani kama alifika. Jina lake halikuandikwa, kama vile hayakuandikwa majina ya wengine waliokuwepo sokoni siku hiyo.

Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa ni kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya pili, vijiji viliendelea kuungua siku hiyo na siku iliyofuata. Wale waliosalimika Nyangwe walirudi nyumbani wakakuta majivu.

Ugomvi ulikuwa kati ya wafanyabiashara wenyewe: nani awe rafiki wa chifu gani, nani apate pembe za nani. Wauza samaki na wauza vyungu hawakuwa na sehemu katika ugomvi huo. Walipigwa kwa sababu kuwapiga kungewaonyesha machifu wote nani mwenye nguvu mtoni. Desturi ya kuwaua wasiohusika ili kumtisha anayehusika ni ya zamani katika nchi hii, na si Nyangwe peke yake iliyoionja.

Habari iliyosafiri

Siku tano baadaye Livingstone aliacha mpango wa kuuteremka mto. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amechoka, na huko ndiko Henry Morton Stanley alikomkuta kabla ya mwisho wa mwaka huo. Barua zake juu ya Nyangwe zilifika Uingereza mwaka 1872, na watu walishtuka. Zilisaidia kuongeza shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alilazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la mji wake. Livingstone hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wino wake wa mbegu ulififia hata ukawa hausomeki. Kwa miaka mingi watu walisoma tu maandishi aliyoyanakili mwenyewe baadaye, yaliyochapishwa baada ya kifo chake. Mwaka 2011 wataalamu walitumia picha za mwanga wa aina mbalimbali, wakafaulu kusoma karatasi zile za gazeti. Waligundua kwamba maandishi ya kwanza na yale yaliyochapishwa hayafanani katika kila jambo, hasa kuhusu tabia ya watu waliokuwa wakimtumikia Livingstone mwenyewe. Mauaji ya sokoni yamebaki yale yale katika maandishi yote mawili. Lakini jambo hilo linakumbusha kwamba hata shahidi mwema ana vitu anavyochagua kusema na vitu anavyochagua kunyamazia. Ushahidi wa wamama wenyewe haukuulizwa.

Soko lilifunguliwa tena

Habari nyingi za Nyangwe zinaishia hapo. Kwa watu wa Nyangwe haikuwa mwisho.

Miaka mitatu baadaye, Agosti 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe. Alikuta soko linaendelea. Naye pia alikosa mitumbwi ya kuteremkia mto, akaenda njia ya nchi kavu hadi bahari ya Atlantiki, alikofika Novemba 1875. Alipopima kimo cha Lualaba pale Nyangwe, aliona kwamba mto uko chini kuliko Nile kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo Lualaba haiwezi kuwa Nile. Swali lililomsumbua Livingstone lilipata jibu lake pale pale alipoketi kulitafuta.

Oktoba 1876 alifika Stanley. Yeye naye alieleza soko la Nyangwe, na bidhaa alizoziorodhesha zinafanana na zile za Livingstone: samaki, mawese, muhogo, kuku, vyungu, chumvi. Mwezi wa Novemba aliondoka pamoja na Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad el-Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa na makao yake Kasongo. Tippu Tip alimsindikiza sehemu ya njia, kisha akarudi. Stanley aliendelea na mto hadi Boma, alikofika Agosti 1877. Ndipo dunia ya nje ilipojua kwamba Lualaba na Kongo ni mto mmoja.

Hakuna aliyewalipa wamama wa Nyangwe kwa hasara ya Julai 1871, na wenye bunduki walikuwa bado mjini. Hata hivyo walirudi sokoni, kwa maana shamba halingojei haki ipatikane. Muhogo ukikomaa unang'olewa, na samaki akivuliwa anauzwa siku hiyo hiyo. Walirudi kwa sababu watoto walipaswa kula. Kwa kurudi kwao, mji ukaendelea kuwa mji.

Vita vya 1893

Mwaka 1885 mfalme Léopold II wa Ubelgiji alitangaza kwamba Kongo ni mali yake. Mwanzoni alipatana na watu wa Lualaba: mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wa maporomoko ya Stanley, kule ambako leo ni Kisangani. Lakini pembe za ndovu hazikuweza kwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Zanzibar ilizitaka, na serikali ya Léopold ilizitaka. Tippu Tip aliondoka kurudi Zanzibar mwaka 1890, na miaka miwili baadaye vita vikaanza.

Jeshi la Force Publique, likiongozwa na Francis Dhanis, lilitoka upande wa magharibi. Lilikuwa na msaada mkubwa wa Ngongo Lutete, mkubwa wa vita aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kugeuka mwaka 1892. Mwanzoni mwa 1893 jeshi hilo lilipiga kambi kwenye ukingo wa kushoto wa Lualaba, likitazamana na Nyangwe. Katikati palikuwa na mto, na mto ulikuwa wa Wagenya. Wenye mitumbwi ndio walioamua. Wagenya walileta mitumbwi yao, na tarehe 4 Machi 1893 jeshi likavuka.

Tarehe 22 Aprili Kasongo nayo ilianguka. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikufa katika vita hivyo. Ngongo Lutete, aliyewasaidia Wabelgiji kushinda, alishitakiwa na maofisa wao wenyewe akapigwa risasi Septemba 1893. Nyangwe, iliyokuwa na maelfu ya watu, ilibaki magofu na kambi ya askari. Mahali pa Kasongo ya zamani panaitwa hadi leo Tongoni, yaani penye mahame.

Vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni viliviita vita hivyo vita vya kuwakomboa watumwa. Kweli, biashara ya watumwa ilivunjwa. Lakini waliotolewa katika minyororo ya kwanza walikuta kazi nyingine za lazima: kubeba mizigo ya serikali, kuleta pembe na mpira. Wakulima wengi walibadilisha bwana tu, mzigo ukabaki kichwani mwao.

Na watu walitawanyika. Tayari kwa miaka 30 wana wa Maniema walikuwa wamepelekwa mashariki, wengine kama watumwa, wengine kama wapagazi na askari wa misafara. Ndiyo asili ya Wamanyema wa Ujiji na Kigoma, wa Dar es Salaam na Zanzibar, na wa mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura. Vizazi vingi vimepita, lakini jina la Maniema halikufutika. Mtu anaweza kupoteza shamba, nyumba na hata lugha ya mama yake, na bado akajibu anapoulizwa kwao ni wapi.

Pamba, na reli ya ng'ambo

Wakoloni walipojenga reli kati ya Kindu na Kongolo, katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, waliiweka upande wa magharibi wa Lualaba. Nyangwe iko mashariki. Kindu ikakua, ikawa mji wa reli na bandari, na leo ndio mji mkuu wa jimbo. Nyangwe ikabaki kando. Pembe zilikuwa zimepungua, misafara ya Ujiji ilikuwa imekwisha, na biashara ikahamia kule treni iliko.

Kisha pamba ikaja. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kumlazimisha mkulima kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka katika mazao iliyoyachagua yenyewe. Maniema ilikuwa moja ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba kwa nguvu. Mkulima alipimiwa shamba, akapangiwa siku, akauza kwa bei iliyowekwa na wengine. Asiyelima alipigwa faini au alifungwa. Katika masoko ya zamani ya Lualaba mama aliweza kukataa bei na kurudi nyumbani na kuku wake. Katika soko la pamba hakuna aliyeweza kukataa.

Hata katika miaka hiyo soko la chakula halikufa. Mpunga, samaki, muhogo na mawese viliendelea kubadilishana mikono kandokando ya mto, kwa maana pamba haipikwi.

Kukimbia na kurudi

Baada ya uhuru, vita vilifuata. Julai 1964 Wasimba waliichukua Kindu, na mwezi wa Novemba serikali ikairudisha. Vijijini watu walikimbia mara mbili, kwanza mbele ya waasi na tena mbele ya jeshi. Maniema ilifanywa jimbo mwaka 1988, Kivu ilipogawanywa. Oktoba 1998 Kindu ilianguka tena, safari hii mikononi mwa waasi wa RCD. Treni zilisimama, njia zikafungwa, na watu wakahamia misituni pamoja na watoto wao. Chumvi na sabuni vikawa vitu vya kutafutwa kwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu, mzigo ukiwa kwenye kinga kwa aliyebahatika kuwa nayo.

Kila anayeishi leo mbali na kijiji chake, awe ametoka Kabambare, Fizi, Masisi, Rutshuru au Ituri, anajua jinsi mambo yanavyoanza. Kwanza kizuizi kinawekwa kwenye njia ya soko, na mama analipa ili apite na kikapu chake. Kisha kundi lingine linaweka kizuizi chake mbele kidogo. Kisha makundi hayo yanagombana juu ya nani mwenye haki ya kutoza. Siku moja bunduki inaingia ndani ya soko lenyewe, na watu wanakimbia. Majina ya makundi yanabadilika, silaha zinabadilika, lakini mwendo ni ule ule wa Julai 1871.

Sheria ya zamani ya Lualaba ilijua jambo hilo kabla ya yote haya kutokea: wapiganaji wapigane kwingine, njia ya soko iachwe. Wazee walioitunga hawakuwa watu wasiojua vita. Walikuwa na vita vyao na visasi vyao. Lakini waliona kwamba kijiji kikichomwa kinajengwa upya kwa msimu mmoja, na soko likivunjika, njaa inaingia hata kwa aliyeshinda.

Wanaobeba mji

Nyangwe haina sanamu ya Dugumbe, wala ya Dhanis, na haina shida kwa kuzikosa. Wakubwa wa mto walipita mmoja baada ya mwingine: wa pembe, wa mfalme, wa pamba, wa uasi. Kila mmoja alisema mji ni wake. Hakuna aliyeacha kitu kinachodumu kama kile alichokikuta: mahali kandokando ya maji ambapo mwenye samaki anakutana na mwenye muhogo.

Waliokitunza kitu hicho hawana majina vitabuni. Ni bibi aliyekuwa na chungu chake mgongoni asubuhi ile ya Julai, akaona moshi ng'ambo, akaenda sokoni hata hivyo. Ni binti yake aliyerudi pale pale mwaka uliofuata, akatandika majani chini, akapanga samaki. Ni mama wa leo aliyehama na watoto wake, aliyefika katika mji wa watu bila shamba wala ndugu, na baada ya siku chache anaonekana kando ya njia na vifungu vitatu vya sombe na kopo la unga. Wapita njia wanamwona maskini anayejaribu kupata pesa ya jioni. Anafanya kazi ile ile iliyoifufua Nyangwe.

Asubuhi ya soko, mitumbwi bado inavuka Lualaba kutoka ng'ambo ya magharibi, kupitia maji yale yale waliyoogelea wale waliokimbia. Imebeba mawese, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Bei bado inapatikana kwa maneno mengi.